Ukuta wa Thibault

Solange hakumsamehe Thibault, mjuaji yule wa Paris, tangu aliponunua nyumba ukingoni mwa mto, akaupiga lipu ukuta na kuzifukia alama za kimo cha maji ambazo wazee wa kijiji walichonga kila mafuriko yalipokuja.

"Mikwaruzo tu ile, bibi. Inachafua nyumba."

Machi mto ulifurika. Maji yakajaa sebuleni kwa Thibault, akabaki dirishani ghorofani na begi lake, akamwona Solange anakuja na mtumbwi.

"Afadhali umekuja, mama. Nipokee begi."

Solange hata hakumtazama. Alitoa msumari mfukoni, akakwaruza mstari mrefu kwenye lipu nyeupe pale maji yalipofikia, akaandika na mwaka.

"Alama hii usiifute," akasema, akageuza mtumbwi.