Mwanamisi wa Mayai

Kwa maelezo ya Mama Alen, ambaye siku hiyo hakutoka kwake hata kwenda kuchota maji, Mwanamisi alishuka kwenye basi pale Mazinde, jua la saa saba, na wauza mahindi wote wakamtambua papo hapo. Mmoja alikuwa ameshampa hindi la kuchoma. Akampokonya. "Mwizi wa mayai simuuzii!" Mwanamisi hakutahayari. Alipanda tena ngazi ya basi, akapaza sauti: "Nani hapa alipiga kura nitolewe kwenye ile nyumba?" Mikono ikanyooka, mpaka wa utingo, mpaka wa mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha. "Ahsanteni," akasema. "Kumbe kupiga kura mnajua. Basi uchaguzi ukifika mpeni Mheshimiwa Zuberi." Hapo, Mama Alen anaapa, yule muuza mahindi alicheka hadi akamrudishia hindi lake, tena kalipaka ndimu na pilipili.

Zuhura alisikiliza huku akipukuchua maharage. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kisomo chake kiliishia darasa la saba, na alikuwa na tabia ya kumwacha mtu amalize yote aliyo nayo ndipo aulize.

"Mama Alen, basi la Dar si hukata kona Mombo kuja huku kwetu? Mazinde lilifuata nini?"

"Alipitiwa na usingizi! Mtu mwovu hulala sana, hujui?"

"Na watu wa Mazinde wana kura gani kwa diwani wetu?"

"Wewe Zuhura, ukisimuliwa jambo, wewe kula tu, usianze kuhesabu mawe kwenye mchele."

Lakini kwamba Mwanamisi amerudi, hilo lilikuwa kweli. Na hakukuwa na mtu milimani asiyemjua. Mwaka uliotangulia, banda la video la Tobia lilikuwa likifurika kila Jumapili, jenereta ikinguruma nje, watu wakitazama mchezo wa Paa Moja. Vijana kumi na wawili walifungiwa kwenye nyumba moja kule Dar, wakapigwa picha usiku na mchana, na watazamaji wakawa wanapiga kura kwa simu kumtoa wasiyempenda. Mwanamisi, mtoto wa hapa hapa, baba yake alikuwa fundi cherehani sokoni Lushoto, aliingia na sura ya mnyonge. Wiki ya pili likapotea trei zima la mayai. Wenzake walikula ugali mkavu siku nne. Yeye alilia nao, tena ndiye aliyewaongoza kwenye sala ili Mungu amfichue mwizi. Taifa zima lilikuwa linamwona akichemsha yale mayai alfajiri kwenye birika la chai.

Watu walichukia mpaka wakakosa hamu ya kula. Walipanda ukingo wa Irente, kwenye jiwe ambapo simu zilikuwa zikikamata mtandao, wakapanga foleni kutuma kura. Baba yake mdogo Mwanamisi alikuwa wa nne kwenye foleni.

Mheshimiwa Zuberi, aliyekuwa diwani kwa miaka kumi, hakuchukia. Yeye aliliona jambo ambalo wenzake hawakuliona. "Watu wakija kukuzomea," alimwambia katibu wake, "si wamekuja?" Akamfanya Mwanamisi mhamasishaji wa kampeni zake. Mkutano wa kwanza uwanja ulijaa kuliko siku ya gulio. "Mwizi! Mwizi wa mayai!" Mwanamisi alisimama jukwaani na fulana yenye uso wa Zuberi, akangoja, akatoa yai mfukoni, akalimenya taratibu, akala. Uwanja ukalipuka. Alipomaliza alijifuta midomo na kusema, "Haya, mmeshiba kelele. Msikilizeni Mheshimiwa." Na kweli walimsikiliza, maana koo zilikuwa zimekauka.

Zuhura alikuwepo, nyuma kabisa. Hakwenda kuzomea. Alikwenda kumsikiliza Zuberi kama atataja bonde.

Bonde lenyewe liko chini ya kijiji, ardhi nyeusi yenye mfereji, na wanawake kumi na mmoja wana bustani humo: karoti, liki, letusi, kabichi. Bustani ya Zuhura aliachiwa na mama yake, naye mama aliachiwa na bibi. Ndiyo iliyomlisha, ndiyo iliyomvisha, na asipokuwa nayo hana jingine ila kwenda kufua nguo za watu. Mwezi Machi walikuja wanaume wawili na kamba ya kupimia. Walipoondoka walikuwa wamepigilia vigingi vyenye rangi nyekundu, kimoja katikati ya letusi zake. Ikasemwa kuna mwekezaji anataka kujenga hoteli ya watalii, na kwamba kinachobaki ni karatasi moja tu, saini ya diwani.

Je, ameweka saini au hajaweka? Hilo tu ndilo Zuhura alilotaka kujua. Kama hajaweka, wanawake wangekwenda wilayani kupinga. Kama ameweka, basi wangejua wanapigana na nini. Alikwenda ofisini kwa Zuberi mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa suala lipo kwenye mchakato. Ya pili, wavute subira. Ya tatu, Mheshimiwa aliuliza yeye ni mtoto wa nani, akamsifu babu yake kwa muda mrefu, kisha akaingia kwenye gari. Ya nne alipewa kofia.

Sasa asubuhi moja Zuhura alishuka bondeni akamkuta mtu amechuchumaa kwenye tuta lake. Mwanamisi. Alikuwa na karoti mdomoni na mbili mkononi.

Zuhura alisimama akamtazama. Alingoja mpaka karoti ile ya mdomoni ikaisha.

"Onga makeo, dada," akamwamkia kwa Kisambaa.

Mwanamisi hakuruka. Aligeuka polepole, akatabasamu. "Onga makeo. Hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Tamu."

"Najua. Umekula ngapi?"

"Tatu. Hizi mbili ni za njiani." Akazifuta udongo kwenye uso wa Zuberi uliokuwa kifuani pake. "Na wewe ulipiga kura nitolewe?"

"Sikuwa na simu."

"Ungekuwa nayo?"

"Ningepiga mbili."

Mwanamisi alicheka hadi akakaa chini, kwenye letusi. Zuhura akamwomba aondoke kwenye letusi. Kisha, kwa kuwa mtu akishakula chako huwa na sikio kidogo, akamwonyesha kile kigingi, akamweleza habari ya saini.

"Wewe unakaa naye kila siku. Muulize."

"Mdogo wangu," Mwanamisi akasema, "mdomo huu nimeukodisha. Mpaka siku ya kura ni mali ya Mheshimiwa. Nikimuuliza hilo, jioni nimerudi kushona vifungo na baba." Akasimama, akajipangusa. "Halafu mimi si mtu wa kutumwa jambo la maana. Waulize Watanzania." Akaenda zake na zile karoti mbili.

Wiki mbili baadaye alifariki Mzee Timotheo, baba mkwe wa Mama Alen. Alikuwa na miaka tisini na kitu, alikufa usingizini baada ya kula, na msiba wake ulikuwa wa watu kulia kidogo na kukumbuka mengi. Kijiji kizima kilihamia pale, Walutheri na Waislamu, kila mtu na sufuria yake. Zuhura alipangiwa kuni na makande.

Ukoo wa Mzee Timotheo una watani wao, ukoo wa kina Mwanamisi, utani wa tangu enzi za wafalme wa Vuga, kabla dini hizi mbili hazijapanda mlima. Mtani kwenye msiba ana ruhusa yake. Humtukana marehemu, huficha mwiko wa mpishi, na siku ya kuzika huingia kaburini akakaa humo, jeneza lisishuke mpaka apewe anachodai. Hakamatwi mkono wala havutwi. Atakayemkasirikia hutozwa mbuzi, na aibu juu. Miaka yote kazi hiyo ilifanywa na shangazi zake Mwanamisi, lakini sasa mmoja alikuwa na magoti na mwingine macho. Wazee wa ukoo walitazamana, wakamtazama binti aliyebaki. Wakasema, kwa kweli, nani anafaa kuliko huyu?

Mwanamisi alianza tangu asubuhi. Alipita akiwa amevaa koti la marehemu na bakora yake, akiwaamkia watu kwa sauti ya puani kama ya mzee mwenyewe, akiwapangia bei ya plamsi zilizooza, kama alivyokuwa akiuza matunda yake sokoni. "Hizi mbivu sana! Ukiziona zina wadudu ujue hazina sumu!" Wajukuu walicheka huku wakifuta machozi. Alipofika jikoni aliopoa nyama kwenye sufuria kwa vidole.

Zuhura alikuwa anachochea moto. Hakuinua uso.

"Dada, mtani akishaingia kaburini, anaweza kudai chochote?"

"Chochote. Wengi hudai kuku. Shangazi aliwahi kudai redio."

"Na mdai akiwa humo, anayedaiwa ni nani?"

"Yeyote aliyesimama pale. Mfiwa, mgeni, hata mchungaji."

Zuhura akasukuma ukuni mmoja ndani. "Na anaweza kudai jibu?"

Nyama iliyokuwa inakwenda mdomoni ilisimama njiani. Zuhura akainua uso, akaona macho yale aliyoyaona kwenye banda la Tobia, siku ile ya sala ya kumfichua mwizi. Mwanamisi alimalizia nyama yake, akalamba vidole, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Zuhura akabaki na moshi wake. Hakujua kama ameomba msaada au amempa mtu mchezo mpya.

Saa tisa Mheshimiwa Zuberi alifika na shada la maua, akakalishwa kiti cha mbele. Alipopewa nafasi ya rambirambi alisema Mzee Timotheo alikuwa mpenda maendeleo, na kwamba maendeleo yenyewe bado yanaendelea, na yakiendelezwa na wale wale yataendelea vizuri zaidi. Mchungaji alikohoa. Jeneza likainuliwa, watu wakaimba mpaka shambani, wakafika kaburini, wakakuta kuna mtu.

Mwanamisi alikuwa amekaa chini kabisa, miguu kainyoosha, bakora mapajani.

"Hapa pamejaa!" akaita kutoka chini. "Mrudisheni! Bahili huyu hata udongo atauomba punguzo!"

Kicheko kikapita. Mama Alen, ambaye alikuwa amejiandaa, akashusha kuku kwa kamba. Mwanamisi akampokea, akampapasa kifua. "Kuku huyu amekonda kama sadaka ya marehemu. Nimemchukua. Sitoki."

Wakashusha soda mbili. Akafungua moja kwa meno, akanywa. "Sitoki."

Mheshimiwa Zuberi alicheka kuliko wote. Huyu si mtu wake? Aliona macho ya kata nzima yako pale pale alipo, na yeye ni mtu asiyeacha macho yapotee bure. Akasogea ukingoni, akatoa noti kubwa, akaipunga hewani ili hata walio nyuma waione. "Dada Mwanamisi, mimi kama kiongozi wenu najitolea kwa ajili ya familia. Chukua hii, mzee wetu apumzike."

Akaiachia. Ikashuka ikizungukazunguka. Mwanamisi aliidaka, akaikunja, akaitia kifuani, nyuma ya ule uso wa Zuberi kwenye fulana, chini ya koti la marehemu.

"Ahsante, Mheshimiwa. Hiyo ni ya kuingilia. Ya kutokea ni neno moja."

"Neno?" Zuberi bado anacheka. "Sema, dada, lolote!"

"Mmesikia? Kasema lolote!" Mwanamisi alizungusha macho kwenye duara la nyuso zilizoinama juu yake. "Lakini mimi siwezi kuuliza, mdomo wangu umekodishwa, na aliyeukodi ni wewe. Ndiyo maana nimekuja na mdomo wa kuazima. Zuhura! Zuhura wa bondeni! Acha kujificha nyuma ya Mama Alen, sogea hapa."

Watu wakageuka. Maisha yake yote Zuhura alikuwa upande wa wanaotazama, na kutazama hakukuwahi kumgharimu kitu. Mama Alen, ambaye hakujua jambo lenyewe lakini hakutaka kulikosa, akamsukuma mgongoni. Akajikuta ukingoni, mikono inanuka moshi, mkabala na Mheshimiwa, kaburi kati yao.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba." Kicheko kilikuwa kimebaki mdomoni tu.

"Bonde letu lile lenye vigingi." Sauti ilitoka ndogo. Akaanza upya, na safari hii waliobeba jeneza wakasikia. "Ile karatasi ya mwekezaji. Umeweka saini au hujaweka? Tunaomba utuambie, Mheshimiwa. Ndiyo au hapana tu."

Wanawake wale kumi walikuwa wametawanyika kwenye umati. Bila kuambiana walianza kusogea mbele, mmoja mmoja, kanga mabegani.

Zuberi alimtazama katibu wake, katibu akatazama viatu. Akamtazama mchungaji, mchungaji alifungua kitabu chake, akakifunga, akakikumbatia kama mtu aliyekubali kungoja. Kuondoka kabla maiti haijafunikwa ni tusi ambalo hata watoto wangelisimulia. Kukasirika ni mbuzi. Alitoa kitambaa, akajifuta paji la uso.

"Hili," akaanza, "hili ni suala ambalo, kwa mchakato wake..."

"Sitoki!" ikasema sauti kutoka ardhini.

Kuku akalia humo humo. Mtu mmoja nyuma akacheka, akazibwa mdomo. Zuhura hakuondoa macho usoni pa Zuberi.

Alen, mjukuu wa marehemu, aliyekuwa ameshika jeneza upande wa kichwa, alihamisha uzito kutoka bega hili kwenda lile. Akamtazama diwani, akamtazama Zuhura, akawageukia wenzake.

"Tumtue babu kidogo, jamani," akasema kwa sauti ya chini. "Naona hapa tuna muda."