Shahidi wa Pekee wa Don Íñigo

Sisi wa San Telmo hatukumwogopa sana Gavana don Íñigo Zumeta enzi zile akitembea na upanga mkononi. Hofu ilituingia alipouweka chini akaanza kututazama mmoja mmoja.

Habari ililetwa na merikebu: muda wake wa kutawala umekwisha, hakimu wa mfalme wa Hispania yuko Santo Domingo, na merikebu hiyohiyo inakwenda kumchukua. Kwetu gavana anayemaliza haondoki hivihivi. Anakaa mjini kama mwari, mpiga mbiu anazunguka na ngoma, na kila mwenye lake moyoni, hata wenyeji tuliowanyang'anya nchi yao, anakuja kumshtaki. Yeye anajitetea kwa mashahidi wake. Asiye na shahidi, shauri yake.

Na kosa la don Íñigo hata kuku walilijua. Sanduku la dhahabu, fungu la mfalme, lilipotea mikononi mwake. Yeye alisema mtumbwi ulipinduka mtoni Guarumal, sanduku likazama. Watu walicheka chini kwa chini. Waliotoka hai mtoni siku ile walikuwa yeye na Kapteni Beltrán Ochaíta, mume wangu, basi.

"Lilizama kweli?" nilimuuliza Beltrán.

"Lilizama, Mencía. Nililishika kwa mkono huu, likaniponyoka. Nitamwambia hakimu hivyohivyo."

"Na Gavana anajua kwamba utamtetea?"

"Ataachaje kujua? Tumetoka mbali mimi na yule!"

Loh! Mume wangu alikuwa jasiri, lakini watu hakuwajua hata kidogo.

Jumapili tukaitwa kula kwa Gavana. Alikaa mgongo ukutani. Ilipoletwa nyama ya nguruwe ya chumvi na mikate ya mahindi, alichukua sahani ya Beltrán akampa yake. Akamtazama anavyotafuna, kisha akazibadilisha tena.

"Kula, ndugu yangu," akasema. "Au ulishiba kulekule pwani? Nasikia ulikuwa unanong'ona na nahodha wa merikebu."

"Nilikuwa naagiza zeituni," Beltrán akajibu huku akicheka. "Mke wangu ana hamu nazo."

"Tangu lini zeituni zikanong'onezwa?"

"Mji huu? Ukizitaja kwa sauti hazifiki nyumbani, bwana!"

Mimi nilicheka. Gavana hakucheka.

"Maadui zangu wamekuahidi nini, Beltrán?"

"Hakuna aliyeniahidi kitu, wala sitaki kitu."

"Hapo ndipo unaponitisha. Kila mtu hapa ameniomba shamba, ameniomba watumwa, ameniomba cheo. Wewe peke yako hujaniomba."

Tukiwa njiani kurudi nilimsihi mume wangu tukajifiche milimani mpaka hakimu afike. Akakataa katakata. Akikimbia, alisema, atakuwa amemthibitishia Gavana kwamba ni msaliti. Nilimwita mbishi, nikamwita mjinga, nikalia. Akaniambia nisimtie aibu barabarani.

Alhamisi walimkamata akitoka misa. Ati anapanga uasi!

Nilikwenda kwa Gavana nikapiga magoti kwenye sakafu yake.

"Bwana Gavana, huyu ndiye aliyekubeba mgongoni ulipougua homa msituni."

"Ndiyo maana anaujua udhaifu wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, Mencía."

"Zilikuwa zeituni! Naapa kwa Bikira, zilikuwa zeituni tu! Ukimuua, nani atakusemea kwa hakimu?"

"Na nikimwacha akasema alichofundishwa na nahodha?"

Nikasimama nikamwambia mbele ya walinzi wake kwamba ameshapata wazimu. Walinisukuma nje. Kesho yake wakamnyonga Beltrán mbele ya kanisa, nami nikilia mpaka sauti ikakauka. Nilimchukia don Íñigo, na ninamchukia hadi leo, sifichi.

Merikebu ikarudi na hakimu. Nahodha, masikini, hakuwa na habari yoyote. Alikuja mlangoni kwangu kofia mkononi, akitabasamu.

"Bibi, Kapteni yuko wapi? Nimemletea mzigo wake."

Lilikuwa gudulia la zeituni. Nilikaa palepale kizingitini.

Siku ya kesi nililibeba lile gudulia nikaliweka mapajani. Washtaki walikuwa wamejipanga mpaka uwanjani. Ilipofika zamu ya sanduku, hakimu akauliza nani aliliona likizama.

Don Íñigo alikuwa amekonda. Aliwatazama watu wa mji, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemtazama akainamisha kichwa. Macho yake yakafika kwangu, yakashuka kwenye gudulia, yakabaki hapo.

"Kapteni Ochaíta aliona," akasema. "Alimwambia mkewe, yule pale! Mencía, kwa jina la Mungu, waambie. Waambie Beltrán aliona!"

Hakimu akanigeukia. "Ni kweli, bibi?"

"Ni kweli, mheshimiwa," nikamjibu. "Mume wangu alikuwepo, aliona kwa macho yake, na alikuwa tayari kuja kukueleza. Mimi sikuwepo. Mwambie Gavana amwite."