Oili kwenye Kitabu cha Serikali

Chai ya kwanza ya Qali ilikuwa ya watu wenye haraka. Mabasi na malori yalipanga foleni stendi ya Garissa kungoja polisi wa kuyasindikiza hadi Mwingi, na kabla honi haijalia kila abiria alitaka kikombe chake, tena cha moto, tena sasa hivi. Qali aliwapa. Mkono mmoja kwenye birika, mwingine kwenye kopo la sukari, na kijiko kilichota kidogo kuliko mwaka jana, maana sukari ilikuwa imepanda hadi ikawa haishikiki.

"Mama, sukari kidogo!" walikuwa wakilalamika.

"Koroga, iko chini," aliwajibu, nao wakacheka. Huo ndio uliokuwa utani wake wa kila siku.

Kibanda chenyewe, wacha tu. Miti minne na magunia ya unga wa msaada kutoka Dadaab yaliyoshonwa pamoja. Lakini pale kilipokaa ndipo palipokuwa na thamani: mwanzo kabisa wa foleni, dereva akishuka tu anakutana na Qali kabla ya muuza chai mwingine yeyote. Tangu ukame ulipowamaliza mbuzi wa marehemu mumewe kule Diff, ni nafasi hiyo iliyowalisha watoto. Kila alipowasha jiko aliishukuru kwa sauti, bila kujali nani anamsikia.

Siku hiyo, mwaka mmoja kabla ya mafuriko ya El Nino, basi lililoingia asubuhi lilikuwa na matundu ya risasi. Majambazi, wale wanaoitwa shifta, walikuwa wamelivamia njiani. Abiria walishuka kimya, na kati yao kijana mmoja mwenye damu kwenye shati. Haikuwa damu yake, ilikuwa ya ndugu yake, aliyekuwa amebebwa moja kwa moja hadi hospitalini bila matumaini. Kijana aliketi juu ya jiwe, akalia bila kujificha. Qali alimhurumia kweli kweli. Akammiminia chai, akaijaza sukari bila kupima, akampelekea mwenyewe pale alipoketi.

"Kunywa, ndugu yangu. Bole. Bole sana."

Kijana aliinua uso. Labda mtandio peke yake angeuacha upite. Ila ile "bole" ilimwambia ni nani anayempa pole, maana watu wa huku wamezaliwa na lugha isiyo na "pa" wala "vi", na wakija kwenye Kiswahili "pa" yao hutoka "ba" na "vi" yao "fi", hata wafanyeje.

"Shifta," kijana akasema.

Kikombe kikaruka. Wenzake wa basi wakaja kama walikuwa wakingoja kuitwa. Birika likapigwa teke, maziwa ya ngamia yakamwagikia jivuni, magunia yakararuliwa. Mmoja akachukua debe la oili chafu lililokuwa chini ya lori, wakachota kwa viganja na kumpaka Qali usoni, kichwani juu ya mtandio, mikononi mpaka viwikoni. Na kila walipopaka walisema: "Wasomali wote ni shifta! Rudini kwenu!" Kwao! Kwao ni wapi jamani, kama si hapo hapo alipozaliwa? Na usiniulize watu walikuwa wapi. Walikuwepo. Walikuwa wakitazama.

Aliyeingilia kati alikuwa dereva wa lori la matikiti, Mkamba aitwaye Musyimi, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa kuliko tumbo.

"Mwacheni huyo mama! Ni yeye aliyepiga risasi? Si mmetoka kupewa chai yake?"

Aliwasukuma kwa kifua mpaka wakaachia, wakaondoka wakifuata njia ya hospitali. Kisha akaleta parafini na kitambaa kutoka kwenye lori. Hakumgusa Qali. Alimpa kitambaa Rukiyo, muuza maziwa wa kibanda cha pili, halafu akageuka akatazama upande wa mto hadi Rukiyo alipomaliza kumsafisha mwenzake uso na nywele. Qali aliliona hilo la kugeuka. Oili ikiwa bado inamwasha macho, aliliona, akasema moyoni: Mungu amlipe mtu huyu, amlipe na watoto wake.

"Mikono muiache ilivyo," Musyimi alisema, mgongo ukiwa bado kwao. "Polisi waione."

Sasa ndipo akafika Bulle, askari wa baraza la mji, rungu kwapani. Wakati wa kurushwa vikombe hakuonekana. Alizungumza na Qali kwa Kisomali, kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa ofisi tu.

"Dada yangu, unaijua sheria ya stendi. Mwuzaji akigombana na abiria, nafasi yake inapewa mwingine."

"Nimegombana? Mimi?"

"Mimi nimekuamini. Ofisini hawataniamini. Niletee namba ya ripoti ya polisi leo, na pale polisi pawe pameandikwa kwamba si wewe uliyeanza. Ukikosa, kesho nitakuja kukitoa kibanda, na usinichukie."

Honi ya msafara ikalia. Malori yakaanza kunguruma. Rukiyo akamshtua Musyimi kwamba anaachwa.

"Matikiti yana ganda gumu, yatangoja kesho," alisema. "Tajiri atapiga kelele, lakini hata leo ningefika mapema angepiga. Twende, mama."

Kituo kilikuwa kidogo, chumba kimoja cha mabati chenye joto la kuoka mkate. Nyuma ya meza alikaa konstebo kijana kutoka bara, aliyekuwa bado anajifunza kuishi na jua la Garissa. Mbele yake kilikuwa kimefunguliwa kitabu kikubwa cha matukio, ambamo kila jambo la mji lililofika polisi lilipewa namba.

"Ripoti gani, mama?"

"Fijana ya basi," Qali akasema. "Wamenibaka. Stendi, mbele ya watu."

Kalamu iliandika neno moja, ikasimama. Konstebo akainuka. Aliwatoa nje wanaume wote waliokuwa kwenye benchi, Musyimi akabaki kizingitini. Akamletea Qali kiti chake mwenyewe, akamletea maji, akamwita askari wa kike aje akae naye, akatuma mtu kwa Inspekta mbio. Qali alishika kikombe, macho yamemtoka. Lo! Kumbe serikali inaweza kukimbia namna hii kwa ajili ya muuza chai! Machozi aliyokuwa ameyazuia tangu asubuhi yakamwagika, na yalikuwa machozi ya shukrani.

"Mungu awabariki," alisema. "Sikujua mtanisaidia hifi."

"Usiogope, mama," askari wa kike akamshika bega. "Walikushika wapi?"

"Uso. Kichwa. Mkono." Akainyoosha ile mikono myeusi. "Angalia. Debe nzima."

Konstebo aliangalia mikono, akamwangalia Qali, akaangalia tena mikono. Ni Musyimi aliyeelewa kwanza.

"Afande, ngoja kidogo. Anasema kupaka. Wamempaka oili. Yeye 'pa' anaitamka 'ba'."

Nje ya dirisha wale waliofukuzwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Qali hakujua wanacheka nini mpaka askari wa kike alipomnong'oneza sikioni.

"Subhanallah!" Mtandio ukafunika uso. "Futa! Afande, nakuomba, futa hiyo! Mimi ni mama ya watu, binti yangu anataka kuolewa!"

Konstebo alilikata lile neno kwa mistari miwili. Qali akamshukuru, akamshukuru tena, na wala hakuwa anaigiza, alihisi amerudishiwa jina lake kutoka mdomoni mwa mamba. Lakini neno lilipoondoka, kiti nacho kikaondoka. Konstebo alikihitaji. Askari wa kike alikuwa na kazi nyingine, na benchi ikajaa watu upya.

"Kwa hiyo ni oili tu," konstebo akasema.

"Oili na sababu," Musyimi akajibu. "Walimpaka kwa kuwa ni Msomali. Walisema Wasomali wote ni shifta, mimi nilisikia kwa masikio yangu. Na wako hapo hospitalini sasa hivi. Tuma mtu, utawakuta."

Konstebo akapumua kama mzee. "Dereva, nikuambie ukweli. Kuna wizi, kuna kupiga, kuna kuvunja amani. Hiyo ya kabila haina pahali pake humu. Kila mwisho wa mwezi tunapeleka ripoti mkoani, na ripoti inasema hali ni shwari. Nikiandika kabila, nitaulizwa: Garissa kuna vita vya kikabila? Nitaitwa mimi, si wewe."

"Na isipoandikwa, haikutokea?"

"Isipoandikwa ni shwari." Akamgeukia Qali. "Mama, wateja huwa wana malalamiko yoyote na chai yako?"

Qali, ambaye hakuwahi kumdanganya mtu aliyemwuliza kwa heshima, akajibu ukweli. "Sukari. Kila siku wanasema sukari kidogo."

"Ahaa." Kalamu ikakimbia. Aliandika kwa Kiingereza, akamsomea kwa Kiswahili: "Ugomvi kati ya muuza chai na wateja wake kuhusu sukari."

"Sukari!" Musyimi akajipiga paja. "Yule kijana alijaziwa sukari bure! Wewe afande, wewe!"

"Dereva, punguza sauti au utoke." Konstebo akasogeza pedi ya wino. "Mama, paka wino kidoleni, uweke hapa. Halafu namba yako hii, uende nayo."

Paka. Neno lile lile, na safari hii Qali alilisikia vizuri. Akakitazama kitabu. Hakujua kusoma, lakini alijua Bulle atasomewa nini: ugomvi. Kesho kibanda kitatolewa, na atakayetolewa ni mgomvi aliyekubali mwenyewe kwa kidole chake. Akaukataa ule wino kwa kuusukuma pembeni. Akakaza midomo, akaitafuta ile herufi kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, akaipata.

"Mimi," akasema, "nime-pakwa tayari."

Na kiganja chake chote, kizito kwa oili, akakiweka juu ya ukurasa, akakikandamiza.

Alipokiinua, sukari na ugomvi vilikuwa vimezama. Vidole vitano vyeusi vilienea toka juu mpaka chini, na oili ikawa inaingia ukurasa wa pili, na wa tatu. Konstebo alitoa sauti ya mtu aliyeng'atwa na nge. Hapo hapo Inspekta akaingia, jasho likimtoka, ndiyo kwanza anaitikia mwito wa lile kosa lililokwisha kufutwa.

"Ni nani aliyeharibu kitabu cha serikali?"

"Huyu mama, afande. Kwa makusudi."

Inspekta aliuinua ukurasa kwa ncha za vidole. Mtu ambaye hakutuma askari hospitalini, na hatatuma, sasa sauti ilimpanda kwa ajili ya karatasi. "Unajua mkaguzi anakuja lini? Hili doa lazima lielezwe. Fungua namba mpya. Kuharibu mali ya serikali. Andika: oili ilitoka mkononi mwake. Na mkononi ilifikaje?"

"Alipakwa na abiria, afande."

"Kwa nini? Mkaguzi si mjinga. Atauliza, mtu anapakwa oili bure?"

Musyimi akajibu kutoka mlangoni, polepole, neno moja moja, kama mtu anayemsomea mtoto imla: kwa kuwa ni Msomali, walisema Wasomali wote ni shifta, yeye hakuwakosea kitu, alikuwa amewapa chai.

"Andika hivyo hivyo," Inspekta akaamuru. "Kila kitu. Sitaki swali kuhusu kitabu hiki."

Ikaandikwa. Musyimi alichungulia, akasoma, akamwambia Qali kwa kichwa: ndiyo, ipo. Qali alipewa onyo kali, akapewa kitambaa aifute meza, na vijana wa hospitalini hakuna aliyewataja tena. Alipomaliza meza aliwashukuru mmoja mmoja: Inspekta, konstebo aliyelifuta lile neno, askari wa kike aliyemshika bega. Inspekta hakujua anashukuriwa nini. Alimfukuza.

Stendi walimkuta Rukiyo amekwisha kuyashona magunia, hovyo hovyo lakini yamesimama, na amemwazima birika lake. Qali akamkumbatia. Akawasha jiko. "Alhamdulillahi," alisema kwa sauti, na dereva wa Kikamba aliyekuwa amekaa juu ya debe akangoja chai yake kama mtu wa nyumbani.

Bulle alikuja jua likiwa bado juu. "Umepata namba?"

Qali akamwonyesha kipande cha pakiti ya sigara ambapo Musyimi alikuwa ameiandika. Bulle akakigeuza geuza.

"Na imeandikwa kwamba si wewe uliyeanza?"

"Imeandikwa. Nenda ukasomewe. Imeandikwa na walivyosema."

Bulle alishangaa, kisha akafurahi kwa dhati. Aliliweka rungu chini, akakaa. "Basi kaa na nafasi yako, dada. Leo serikali imetenda haki. Walioshtakiwa ni kina nani?"

Qali alimmiminia chai, akaijaza sukari bila kupima.

"Ni mimi," akasema. "Peke yangu."