Baba Mmoja kwa Kihispania

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Mvua ilikuwa imekatika, lakini mawingu mazito yalikuwa bado yamekifunika kijiji cha Mchombe. Restuta alisimama barazani, simu mkononi, spika imefunguliwa. Sista Leticia, mwalimu wake wa Kihispania, alikuwa Ifakara akimpa mtihani wa mazungumzo. Akifaulu, angekwenda Hispania kusomea uuguzi.

"Nieleze kuhusu familia yako. Kila sentensi uitafsiri."

"Mi madre se llama Agnella. Mama yangu anaitwa Agnella."

Agnella, aliyekuwa akitwanga mpunga uani, alisikia jina lake akatabasamu.

"Na baba?"

"Mi padre está muerto. Baba yangu amefariki."

Stanislaus alitoka ndani. Alikuwa mdogo wa marehemu. Siku ya kuondoa matanga, ukoo ulimkabidhi nyumba hii. Tangu hapo aliitwa baba, na safari ya Hispania alikuwa ameikataa.

"Nani amefariki? Mimi hapa ni mzimu?"

"Baba mdogo, naomba. Niko kwenye mtihani."

"Tangu lini 'mdogo'? Mwambie huyo sista una baba, na amekataa!"

Restuta aliisogeza simu mdomoni. "Tengo un tío. Nina tío mmoja."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndugu wa baba. Hata mjomba wanamwita hivyo hivyo."

"Umenitupa kwa wajomba?"

Kofi lilimrusha Restuta kwenye nguzo, simu ikaangukia matopeni. Jino lilitoka. Stanislaus alimshika nywele, akamburuza hadi uani, akampiga teke la mbavu, kisha la tumbo.

"Sema baba!"

Restuta alitema damu. "Tío."

Stanislaus alichomoa mundu uliochomekwa ukutani. Agnella alikuwa ameshafika nyuma yake. Mchi ulishuka, na mfupa wa mkono ukavunjika kwa mlio uliosikika barabarani. Stanislaus alianguka juu ya mpunga, akipiga mayowe.

"Utanipiga mimi, shemeji?"

"Nimeshakupiga. Ukiinuka, unaofuata ni wa kichwa."

Sauti ya Sista Leticia iliita kutoka kwenye simu: "Restuta! Restuta!"

Restuta alitambaa akaiokota. "Mi madre es fuerte," alisema. "Mama yangu ana nguvu."

Sista Leticia aliwapigia polisi. Stanislaus alipakiwa kwenye bodaboda, akafungwa mkono plasta hospitalini, kisha akalala mahabusu. Agnella alitoa maelezo kituoni, akarudi, akaupepeta mpunga na kuondoa wenye damu. Restuta alirudia mtihani Jumatatu, mdomo ukiwa na nyuzi, akafaulu.