Tani Ishirini na Nane

Kila siku ya tatu Ajiko alipanda bodaboda kutoka Amukura hadi Malaba mpakani, amebeba mashati mawili safi ya mumewe, ugali wa wimbi uliofungwa kwa jani la mgomba, na mboga kwenye kopo la mafuta lililooshwa vizuri. Jioni alirudi na mashati machafu. Hivyo ndivyo wanavyoishi wake wa madereva wa trela foleni ikirefuka, na Desemba ile ilikuwa imerefuka sana. Trela zilifuatana pua kwa mkia, zikapita kanisa, zikapita posho mill ya kusagia unga, mpaka mama mboga wa kando ya barabara wakawa wanawajua madereva kwa majina na kwa madeni ya chai.

Tarehe kumi na tisa alifika saa tatu asubuhi. Okurut alikuwa nyuma ya usukani, mikono magotini, macho mbele. Ajiko akapanda ngazi ya trela, akafungua mlango wa upande wa pili, akakaa, akaanza kufungua chakula.

"Hiyo mpe Ogutu," Okurut akasema. "Mimi nilikufa jana, saa tisa mchana."

Ajiko akamshika mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la kusagia asubuhi na mapema. Akauliza kama ni ile malaria aliyomwacha nayo safari iliyopita. Ilikuwa ile ile. Akauliza mbona hakununua dawa, na duka la dawa liko pale ng'ambo ya barabara, mtu anaweza hata kulirushia jiwe. Okurut akamweleza kwamba alikuwa ameshafungua mlango aende, lakini foleni ikasonga. Trela tatu ziliitwa. Dereva asiyekuwepo foleni ikisonga hupitwa, na akishapitwa anarudi mwisho. Basi akafunga mlango, akasogeza gari, akavuta handbreki, akafa.

"Ungemwambia Ogutu akusogezee."

"Ogutu alikuwa anasogeza yake."

Ajiko akafunga tena chakula. Alikunja shati moja safi akaliweka kitandani nyuma ya kiti, akamvua lile la jasho, akamvalisha jingine. Chakula akampelekea Ogutu, dereva wa trela iliyofuata, mtu wa Burumba mwenye maneno mengi na moyo mzuri, ambaye alikula chote kwa heshima.

Alasiri ile Ajiko alirudi na shemeji yake Oriokot, wanaume sita, na pikapu. Oriokot alimpa ndugu yake pole, Okurut akashukuru. Kisha wakamshika, wawili mabegani, wawili kiunoni, wawili miguuni. Hakuinuka. Hakujikaza wala hakujishikilia popote, alikuwa mzito tu. Wakamfunga kamba wakaivuta na pikapu. Kamba ikakatika, na pikapu ikaenda mbele peke yake hadi kwa muuza ndizi.

Ogutu akapanda, akatazama makaratasi kwenye dashibodi.

"Wazee, mnavuta bure," akasema. "Someni hapa. Dereva, Okurut. Mzigo, chumvi, tani ishirini na nane. Hiyo yote iko kwa jina yake. Mtamtoa aje peke yake?"

Wanaume wakasoma, wakaona ni kweli. Mmoja akasema alishuku tangu mwanzo ila hakutaka kuvunja wenzake moyo. Ogutu akawaambia dawa ni muhuri tu. Karatasi zikigongwa, mzigo utakuwa umetoka mikononi mwa mtu, naye atashuka. Wakakubaliana kwamba Ajiko aende dirishani kwa makarani wa forodha kesho asubuhi, na kwamba kaburi lichimbwe wakati huohuo, kwa sababu watu wa Soroti na wa Nairobi wangekuwa nyumbani Krismasi, na mazishi ya wakati mwingine hawangeyapata.

Kesho yake madirisha yalikuwa yamefungwa. Makarani wote walikuwa wamekaa nje kwenye ukingo wa barabara, matawi mabichi yamechomekwa kwenye kamba za vitambulisho vyao. Mgomo ulikuwa umeanza alfajiri. Hakuna gari lingevuka, si trela, si basi, si mtu na begi lake.

Karani wa dirisha la pili aliitwa Vivianne, mwanamke wa Marachi, viatu amevivua na miguu imevimba. Alimweleza Ajiko bila kuficha. Madirisha yalikuwa sita na yaliyokuwa na watu yalikuwa mawili. Waliahidiwa zamu ya tatu miaka minne iliyopita, na kila mwaka waliambiwa ni mwaka ujao. Mwezi uliopita mwenzao mwenye mimba alianguka akiwa ameshika muhuri, wakamwondoa, na mwingine akagonga karatasi iliyokuwa imebaki mezani.

"Marachi sio mbali, mama," akasema. "Nikipanda gari saa hii, nafika kabla chai ipoe. Krismasi nne sijafika."

Ajiko naye akamweleza habari ya mumewe. Vivianne alimpa pole, akaandika namba ya trela kwenye kiganja chake kwa kalamu, akasema wakirudi kazini hiyo ndiyo itakuwa ya kwanza. Ajiko akaondoka akimchukia. Alimchukia njia nzima mpaka kwenye trela, akapanda, akamweleza Okurut yote, miguu iliyovimba na yote.

"Wako na haki," Okurut akasema.

Ajiko akashuka, akapanda bodaboda, akarudi Amukura.

Kufikia tarehe ishirini na mbili mabasi yalikuwa thelathini na kitu, yameegeshwa nyasini. Watu wa Nairobi waliokuwa wakienda Tororo, Mbale na Kumi walishuka na magodoro, runinga na kuku. Wale wasio na mizigo walivuka kwa njia za panya kule mtoni. Wenye mizigo na watoto walibaki. Walifua nguo wakazianika kwenye bampa. Asubuhi walikwenda kuwatukana makarani, wakiwaita nani na nani, wao na mama zao, na mchana, jua likiwa kali, walewale waliwapelekea soda. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya Vivianne akiwa na mfuko wa plastiki.

"Hizi ni viatu za watoto wangu," akamwambia. "Watoto wako Tororo, viatu iko hapa. Nakuchukia sana, dada. Na mko na haki. Sasa niambie nifanye nini na hizo mbili."

Vivianne alimsogezea nafasi kwenye ukingo, mwanamke akakaa.

Okurut aliendelea kukaa. Hakunuka, ila dizeli kama siku zote. Watu walisema ni ile chumvi nyuma yake. Inzi walipita. Aliomba afunguliwe redio, akasikiliza habari za mgomo, na mtangazaji aliposema abiria wanateseka, alitikisa kichwa, na aliposema makarani wanateseka, akatikisa vilevile. Ajiko alilala nyumbani na kurudi kila siku. Kule Amukura kaburi lilikuwa limechimbwa, na kwa kuwa kaburi halilali wazi, Oriokot alikuwa amelaza shina la mgomba ndani yake. Kila asubuhi shina lilikuwa limenyauka, wakakata jingine. Migomba ya Ajiko ilikuwa inaisha. Shangazi wa kumnyoa nywele za ujane alikuwa amefika na wembe wake, akakaa siku nne akimtazama kichwa, kisha akauliza kwa upole kama kuna tarehe. Ajiko hakuwa mke na hakuwa mjane. Alipopita kisimani wanawake walimsalimia bila kujua watumie salamu gani.

Siku ya Krismasi Oriokot alileta chungu. Ajon, pombe ya wimbi, ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mazishi, ingeharibika. Wakakiweka kando ya mlango wa dereva, wakamimina maji moto, wakakaa kwa duara, wanaume wa nyumbani, Ogutu, abiria waliokuwa na ujasiri, kila mmoja na mrija wake. Kwa Okurut waliunga mirija miwili wakaipitisha dirishani. Aliupokea kwa mkono wa kulia, kama inavyotakiwa. Alivuta, na pombe ilipanda ikaonekana ikipanda, lakini chunguni haikupungua. Mzee mmoja wa kutoka Nairobi alisema huyo ndiye mtu mzuri wa kunywa naye, na watu wakacheka, na Okurut akacheka pia kidogo.

Baadaye makarani nao wakaja. Penye chungu cha ajon hafukuzwi mtu aliyekuja kwa amani, basi wakasogezewa. Vivianne akapewa mrija karibu na Ajiko. Wakanywa. Namba ya trela ilikuwa bado kiganjani mwa Vivianne. Alikuwa ameiandika upya kila ilipofutika.

Ajiko alikuwa amepanga maneno kwa siku tano. Yalipotoka yalikuwa machache.

"Dada, wewe ndiye uko na muhuri. Ingia dakika tano tu. Mgongee mmoja. Nimpeleke nyumbani nikamzike."

Mirija ikatolewa vinywani. Ogutu alitazama chini. Alijua, kama madereva wote walivyojua, kwamba muhuri mmoja ukisikika ukigonga, watu mia nne wangekuwa dirishani kabla wino haujakauka, na ofisi ingesema kwamba kumbe watu wawili wanatosha.

Vivianne akavaa viatu vyake, kwa shida kwa sababu ya uvimbe, akatoa ufunguo mfukoni.

"Lete karatasi," akasema.

Wenzake hawakumkataza. Mmoja alichomoa tawi kwenye kamba ya kitambulisho chake akaliweka chini polepole. Ajiko alipanda ngazi ya trela kuchukua makaratasi kwenye dashibodi. Okurut alikuwa ameyawekea mkono juu.

"Toa mkono," Ajiko akasema.

"Mama Amuge," Okurut akasema, kwa jina la binti yao wa kwanza, alivyomwita siku zote akitaka kumwambia jambo gumu. "Zamu ya tatu ingekuwepo, ningekaa hapa siku mbili. Siku ya tisa singeiona. Huyu akigonga yangu, hiyo zamu haitakuja tena."

"Wewe umeshakufa. Zamu ni ya nini?"

"Ogutu hajakufa."

Ajiko alivuta karatasi. Hazikusogea; zilikuwa na tani ishirini na nane juu yake. Akavuta tena, kwa mikono miwili, akilia sasa, akimwambia kwamba watu wako nyumbani, kwamba shangazi ana wembe mkononi, kwamba migomba imeisha. Okurut alimwacha aseme yote. Hakutoa mkono.

Alishuka bila karatasi. Vivianne alisubiri kidogo, kisha akarudisha ufunguo mfukoni, akavua viatu. Wakamaliza chungu. Ajon ilikuwa tamu na Ajiko aliichukia.

Mgomo uliisha tarehe ishirini na saba, jioni. Mkubwa mmoja alikuja kwa gari jeupe, akasema madai ya makarani yamepokelewa na kamati itaundwa kuangalia suala la zamu. Makarani walishauriana, wakatazama watoto waliolala kwenye magodoro nyasini, wakasaini karatasi ya kurudi kazini. Asubuhi iliyofuata madirisha yalifunguliwa. Yalikuwa mawili.

Vivianne alitimiza neno. Karatasi za Okurut ndizo zilizokuwa za kwanza. Safari hii mkono ulitoka wenyewe, Ajiko akazipeleka mbio dirishani, muhuri ukagonga mara tatu, na Ajiko akasikia kila moja kifuani. Kompyuta iliuliza kama dereva yupo. Vivianne akaandika kwamba yupo.

Oriokot na wale sita walikuwa wameshapanda. Wakamshika mabegani, kiunoni, miguuni, wakahesabu tatu. Hakuinuka.

Ogutu alizichukua karatasi akazisoma tena, safari hii mpaka chini kabisa. Alichukua muda. Alipomaliza alimpa Oriokot, si Ajiko.

"Imeandikwa imeruhusiwa kuvuka," akasema kwa sauti ndogo. "Mzigo unatoka mkononi mwake pale tu itapokelewa. Kampala."

Nyuma trela zilianza kupiga honi. Oriokot akamshika ndugu yake mkono, akashuka. Wanaume wakashuka. Ajiko alibaki kwenye kiti cha pili, mashati machafu kwenye mapaja. Okurut akamwambia kwamba akipakua Kampala atapewa mzigo wa kurudi, kahawa labda, na huo nao utaandikwa jina lake, na upande ule wa mpaka foleni ilikuwa ndefu vilevile. Akamwambia awaruhusu ndugu wa Nairobi waende, wana kazi. Ajiko akauliza kuhusu kaburi. Okurut akafikiri.

"Fukieni," akasema. "Mtoto asije akaanguka."

Akawasha injini. Ajiko akashuka, akaufunga mlango kwa nguvu, kwa sababu mlango ule haukufungika vizuri ukiufunga kwa upole. Trela ikasonga, ikapita kizuizi, ikashika njia ya Tororo pamoja na mabasi. Watu mle ndani walikuwa wakipiga makofi kwamba barabara imefunguka, ingawa kwa wengi wao Krismasi ilikuwa imeisha na walikuwa wanaenda kusalimia tu na kugeuka.

Pale Okurut alipokuwa ameegesha palikaa wazi kidogo, nyasi zimekuwa njano kwa dizeli. Kisha trela nyingine ikasogea ikapajaza. Dereva wake alikuwa kijana wa Mombasa, mgeni wa njia hii. Alishusha kioo, akamwona mwanamke amesimama na nguo mkononi, akamsalimia vizuri, akamwuliza kama anajua foleni ya hapa huchukua siku ngapi.

"Mume wangu alikaa kumi na tisa," Ajiko akasema. "Tisa akiwa hai."

Dereva akamshukuru, akazima injini.