Neno la Jeki

"Achia!" mjomba alisema, na mimi nikazidi kubonyeza.

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya nyuma ya gari, mkono wa kulia umezama chini ya kiti cha dereva hadi kwenye kiwiko. Mimi nilisimama nje, mlango wa mbele ukiwa wazi, kidole changu kwenye swichi ya kiti.

"Achia!"

Mota ilinguruma kwa uzito. Nikasikia mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu, halafu sauti ya mjomba ambayo sikuwahi kuisikia kabla.

Gari lilikuwa la mkunga wa zahanati, mwanamke mrefu mwenye maneno mengi. Lilikuwa kuukuu, ngozi ya viti imepasuka kama nyayo, lakini kiti cha dereva kilikwenda mbele na nyuma kwa umeme, na mkunga alijivunia kiti hicho kuliko injini. Alikuwa amemwazima mdogo wake, mfupi wa kutosha kujificha nyuma ya usukani. Gari liliporudi, kiti kilikuwa mbele kabisa na hakikutaka kutoka huko.

"Fundi, naendesha kama panzi," alimwambia mjomba, magoti yake yakigusa usukani huku na huku. "Nikifika kwa mzazi, yeye ndiye ananinyoosha miguu."

Fundi rangi, jirani yetu pale gereji, alichungulia. "Kiti cha umeme? Mmemhukumu nani?" Kisha akanigeukia. "Au Bubu?"

Bubu nilikuwa mimi. Shuleni, niliposhindwa kuelewa, nilinyamaza, na walimu wakadhani nimeelewa. Nilinyamaza hivyo hadi darasa la tano, nikabaki nyumbani. Mjomba ndiye aliyenichukua. Alisema spana hazihitaji mtu wa maneno.

Kazi yangu kubwa ilikuwa jeki. Mjomba akimaliza kazi chini ya gari, alitoka, akajifuta mikono, akasema, "Achia." Nami nikafungua jeki taratibu, gari likashuka. Kwa miaka miwili neno hilo lilikuwa na maana moja kwangu: liache lije.

Siku ile aliingiza koleo kwenye reli ya kiti akatoa kibanio cha nywele kilichopindika, kikiwa kimeng'ata meno ya gia. "Ugonjwa wenyewe huu," alisema, akarudisha mkono kupapasa kama kuna kingine. "Jaribu kidogo." Nikabonyeza, kiti kikaanza kurudi nyuma. Aliposema achia, nilikiacha kije. Aliposema mara ya pili kwa ukali, nilidhani nachelewa.

Vidole viwili vilivunjika. Cha kati hakikunjiki hadi leo.

Mkunga mwenyewe ndiye aliyevifunga, pale zahanati. Mjomba alikuwa ameuma meno. "Swichi yako ina wazimu, mama," alimwambia. "Binti ameachia, kiti kimeendelea. Gari hili silitoi mpaka nione kosa. Litakuja kumuumiza mtu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Pale ndipo palikuwa pa kusema. Niliangalia viatu vyangu.

Siku iliyofuata mjomba alifungua swichi kwa mkono wa kushoto. Aliiosha kwa petroli, akaipuliza, akaipima. Nzima. Akachana utepe wa nyaya, akaufuata waya mmoja mmoja chini ya zulia la gari. Nzima zote. Nilimshikia tochi.

Siku ya pili mkunga alikuja kwa miguu, vumbi hadi magotini. "Jana nimefika mtoto ameshatoka," alisema. "Wazima wote wawili, Mungu amesaidia. Lakini mama mkwe ndiye aliyekata kitovu, fundi. Mimi nimefika kunawa mikono tu." Alicheka peke yake. "Kesho je?"

"Sijui, mama. Kosa silioni."

Siku ya tatu mjomba alichukua kikata waya. Alikuwa ameamua kukata umeme wote wa kiti, kukisukuma nyuma na kukifunga kwa bolti huko, kisitembee tena. Midomo yake ilishaubana waya wa kwanza.

"Mjomba," nilisema. "Swichi ni nzima."

"Umejuaje?"

"Sikuachia."

Alinyanyua kichwa. "Nilikwambia achia."

"Kwenye jeki ukisema achia, gari linakuja."

Nilimwona akilipeleka neno lile kichwani, akilirudisha, akiligeuza. Nilingoja kofi. Afadhali lingekuja.

"Siku tatu," alisema polepole. "Siku tatu namtibu asiyeumwa. Na wewe unanitazama."

"Nilikuwa nakutazama."

Alilisukuma kwa mguu kopo la skrubu mpaka likafika mbele yangu. "Rudishia."

Nilirudishia peke yangu, waya kwa waya, tangu asubuhi hadi jua lilipopinda. Zamu hii hakuna aliyenishikia tochi.

Mkunga alipokuja alizunguka gari lake mara mbili. "Haya, kosa lilikuwa nini?"

Mjomba alikuwa bombani, ananawa mkono mmoja. "Muulize huyo," alisema bila kugeuka.

Fundi rangi aliacha kupiga msasa. Nikasema. Nilianza na kibanio, nikaja kwenye jeki, nikamaliza na pale mlangoni pa zahanati, nilipoangalia viatu. Sauti ilinikatika mara mbili, nikaianza upya.

Mkunga alijikunja akaingia, kiti kikiwa bado mbele, magoti yakabana usukani, akapeleka mkono kwenye swichi. Halafu akasita. Kabla ya kubonyeza, aligeuka kuangalia mikono yangu iko wapi.