Mkono wa Kulia wa Mzee Isakwisa

Mimi sina kinyaa cha miili ya watu. Ningekuwa nacho, ningeuza vitenge kama marehemu mama yangu. Mwaka wa kumi na moja huu nakanda watu hapa Makandana, kwenye chumba kimoja nyuma ya saluni, na miguu niliyoshika mimi, wewe ungekimbia. Miguu ya wachuma chai iliyochunika katikati ya vidole kwa buti za mpira, makwapa, majipu, migongo iliyoona maji mara ya mwisho Ijumaa Kuu. Nashika, nakanda, nanawa, nakula chakula changu. Lakini mkono wa kulia wa Mzee Isakwisa wa Kisiba, wallahi, mpaka leo nikiukumbuka natema mate.

Kuna kukanda nyama na kuna kunyoosha viungo. Kwenye kunyoosha, mteja hafanyi kitu. Analala, ananiachia mkono, mimi ndiye naupandisha, naushusha, nauzungusha begani, nakunja kiwiko, nafungua vidole kimoja kimoja. Kubwa ni kuniachia tu. Na mkono ulioachiwa ni mzito, jamani, unakulalia kiganjani kama mkungu wa ndizi. Wengi hawawezi. Nainua, nao wanainua pamoja na mimi, na najua papo hapo kwa sababu uzito unapotea. Huwa nawatania, "Mama, mbona unanisaidia kazi? Lala basi nikukande!"

Mzee Isakwisa kiharusi kilimpata kweli, hilo sibishi. Mwaka juzi alianguka kwenye migomba yake, akalazwa, akarudi nyumbani mkono na mguu wa kulia vimelala. Mkewe alishafariki. Mwanawe wa kiume anafanya kazi Kiwira na nyumbani anaonekana Jumapili tu. Mkamwana wake, Gloria, yupo palepale uani, lakini mzee ni Mnyakyusa wa zamani, wale ambao mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Vijana wa mjini wameshaacha mambo hayo. Kwa Mzee Isakwisa, Gloria akimwona anakuja njiani anaingia kwenye migomba mpaka apite, na chakula anakiweka nje ya mlango, anakohoa, anaondoka. Sasa mtu kama huyo atamwogeshaje mgonjwa?

Basi mzigo wote ukamwangukia Felista, binti yake wa mwisho. Alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi. Akaahirisha mwaka mzima ili amtunze baba. Mwaka huu chuo kikamwandikia kwenye simu: asiporipoti Jumatatu, nafasi anapewa mwingine. Siku ya kwanza nilipokwenda alinisindikiza mpaka barabarani akaniambia, "Dada Rukaya, mkono wa baba ukiweza kushika kikombe tu, mimi nakwenda. Usiposhika, siwezi kumwacha. Nitamwachaje?"

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika Jumatatu hiyo.

Nilikwenda kila Alhamisi. Chumba kilikuwa na harufu ya mkojo na ugoro. Sikujali. Nilimtoa barazani, nikamlaza chali kwenye mkeka, nikashika kifundo cha mkono na kiwiko, nikaanza kuupandisha mkono taratibu. Siku ya kwanza nilisikia kitu, nikakipuuza. Siku ya pili nikakisikia tena. Mkono uliolala zaidi ya mwaka, ama umelegea kabisa kama kitambaa kibichi, ama umekakamaa, vidole vimejikunja na kucha zinachoma kiganja. Huu haukuwa hivi wala vile. Bega lilikuwa laini. Vidole vilifunguka vizuri kuliko vyangu. Na kila nilipoinua, ulikuwa mzito kwanza, halafu mzee akisahau kidogo, uzito unapotea. Alikuwa ananisaidia.

Nikaangalia kidole gumba na cha shahada. Vya mkono huohuo wa kulia. Vilikuwa na rangi ya kahawia mpaka ndani ya kucha. Ugoro.

"Mzee, ugoro nani anakupa?"

"Felista, mwanangu. Mimi nina mkono gani?"

Mh! Kwa hiyo nikamfanyia jaribio moja nililofundishwa Mbeya wakati najifunza kazi. Nikauinua mkono mpaka juu ya uso wake, nikauachia ghafla. Mkono uliokufa kweli unamwangukia mwenyewe puani. Huu ulikwenda pembeni, ukatua kwenye mto polepole. Akafumbua jicho moja akaniangalia. "Umenitupa, mwanangu," akasema kwa sauti ya mgonjwa. Lile jicho halikuwa la mgonjwa hata kidogo.

Nikaacha kukanda palepale. Maana nilikuwa nimeshaona Felista anavyoishi. Alikuwa anamlisha uji kwa kijiko na kumfuta udenda. Alikuwa anamsafisha choo, mzee mzima huyo, binti anageuza uso upande ili asimwaibishe baba yake. Na tena godoro, alivyonisimulia mwenyewe. Kila siku Felista akigusia habari za chuo, usiku wake godoro linalowa chapachapa. Asubuhi binti analibeba kichwani kulipeleka nje, na mvua za Rungwe unazijua, hakuna kinachokauka. Nilikuwa nadhani ni bahati mbaya. Siku ile ndiyo nikaelewa kwamba yule mzee alikuwa anajikojolea makusudi ili mtoto wake asisome. Astaghfirullah! Nilinawa mikono mara tatu kwenye bomba la uani na bado nikahisi inanuka.

Nikamwambia Felista ukweli, palepale bombani. Alinitazama kama nimemtukana mama yake kaburini.

"Baba yangu? Aigize? Dada Rukaya, mimi ndiye ninayemsafisha."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Kama umechoka kuja Kisiba, sema umechoka." Akachukua ndoo yake akaingia ndani. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikapanda bodaboda na hasira zangu nikarudi nyumbani.

Alhamisi ya mwisho nilisita kwenda. Mume wangu Zuber akaniambia, "Si umeshasema? Achana nao." Nikaenda hivyohivyo, sijui kwa nini, nadhani nilitaka tu kumwona yule mzee usoni. Nikamkuta Felista amekaa mlangoni na simu mkononi. Hakunisalimia vizuri. Akasema, "Nimeandika ujumbe wa kuwaambia chuo siendi. Nautuma jioni. Fanya ya leo, halafu basi."

Kwa kawaida namtoa mzee barazani apate hewa, namlaza kwenye mkeka, na wakati huo Gloria ndiyo anapata nafasi ya kuingia chumbani kupiga deki, kwa sababu baba mkwe hayumo. Hivyo ndivyo walivyojipangia siku zote. Siku ile mvua ilikuwa inarushwa na upepo mpaka barazani, tukabaki ndani. Hakuna aliyemwambia Gloria.

Mzee alikuwa chali, kifua wazi, blanketi limeishia kiunoni. Felista ameshika mguu kama nilivyomwonyesha. Mimi nimeshika ule mkono, ameniachia wote, mzito, mzito kabisa siku hiyo, amejitahidi kweli. "Ndaga, mwanangu," ananiambia kwa sauti ndogo, yaani asante, na udenda unamtoka. Nikasema moyoni, umeniweza, mzee.

Pazia likafunguliwa. Gloria huyo, beseni mkononi, tambara begani, anaimba kwaya yake.

Mzee Isakwisa alimwona mkamwana wake uso kwa uso, naye yuko nusu uchi. Miaka sabini ya mila ilimwinuka mwilini kabla hajakumbuka kuumwa. Ule mkono ulichomoka kiganjani mwangu kwa nguvu mpaka nikapiga kiwiko ukutani, ukadaka blanketi kiunoni, ukalivuta mpaka juu ya kichwa, ukalishikilia hapo.

Gloria akapiga kelele, beseni likamponyoka, akatoka mbio kwenye mvua amefunika uso kwa kanga. Maji yakatuzunguka miguuni.

Blanketi lilikuwa limefunika mzee mzima, isipokuwa ngumi moja ya kulia iliyoshika pindo, mishipa imemsimama. Felista aliitazama ile ngumi. Akautazama mguu aliokuwa ameushika, akauweka chini kama mtu anayeweka kitu kichafu. Njia ya mwongo fupi, wanasema, lakini hii ilikuwa ndefu, na huyu binti aliitembea yote.

"Baba," akaita.

Ngumi ikazidi kukaza pindo.

"Baba, huo ni mkono gani?"

Ndipo nikaona jambo lililonikirihi kuliko mkojo, kuliko ugoro na udenda vyote. Ile ngumi ikaanza kulegea. Kidole kimoja, kingine, halafu mkono wote ukateleza pembeni mwa kitanda, ukaning'inia, ukafa. Mbele ya macho yetu! Na sauti ikatoka chini ya blanketi, "Mkono umeshtuka tu, mwanangu. Umeshtuka wenyewe. Rukaya, endelea kuukanda." Akausukuma kidogo, kidogo tu, upande wangu.

"Siushiki," nikamwambia. "Hata ungekuwa wa dhahabu, siushiki."

"Felista, ukiondoka nitabaki na nani?"

Hilo nadhani lilikuwa kweli. Nilimsikia mzee anaogopa, na bado ule mkono sikuushika.

Felista hakulia wala hakugomba. Alikwenda jikoni akarudi na kikombe cha uji. Kijiko hakuleta. Akakiweka juu ya kigoda, upande wa kulia wa kitanda. "Uji huo, baba," akasema. Akatoka, nikamfuata.

Tulisimama barazani tumejibana ukutani, mvua inatulowesha vidole vya miguu. Felista ametoa simu, ule ujumbe wake bado upo kwenye kioo, kidole kiko juu yake. Nikajua anasubiri. Bado alikuwa na tamaa, maskini, kwamba mimi ni mwongo na macho yake mwenyewe yamemdanganya. Kama baba yake angekaa na njaa mpaka jioni, yule binti angerudi na kijiko. Namjua.

Tukasikia kitanda kinalia. Halafu, kutoka nyuma ya pazia, mtu anavuta uji wa moto, fyuuu, taratibu, kwa raha zake. Anavuta tena. Kikombe kikagonga kigoda.

Felista akafuta ujumbe. Akaniuliza kama nina sanduku la kumwazima, aende nalo chuo Jumatatu.